Herufi moja moja: gemu la Final Fantasy lilivyonisuta nikiwa field

 Najua nimepotea, na wengine mmeanza kusema nimeolewa na chaki. Teh teh teh. Mwenzenu nilikuwa field. Kwa wale ambao hamsomi ualimu, sisi kila mwaka tunapelekwa mashuleni kufundisha kweli kweli, siyo ile ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe darasani huku mnachekana. Mwaka huu nimeangukia nyumbani kabisa, Kabungu, kule Mpanda mkoani Katavi. Mtandao mpaka upande kichuguu, na ukishapanda kichuguu unakuta simu haina chaji. Ndiyo maana ukurasa huu ulikuwa kimya.

Nimerudi chuoni juzi na nina jambo limenikaa kooni. Nitalizungukia kidogo kupitia gemu, kwa hiyo wale mnaosema magemu ni ya watoto vumilieni, mtaona ninakoelekea.

Gemu lenyewe ni Final Fantasy. Wengi wenu mkisikia PlayStation mnawaza mpira tu. Hata mimi nilianzia hapo. Lakini nilipokuwa kidato cha kwanza nilikaa likizo kwa binamu yangu Mpanda mjini, naye alikuwa na PlayStation 2 ya mtumba na diski moja ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaigusa, kwa sababu haichezwi wawili. Ilikuwa Final Fantasy X, ya mwaka 2001. Binamu alikuwa anaitumia kuwekea kikombe cha chai. Mimi nikaifuta, nikaiweka kwenye mashine, na likizo yangu ikaishia hapo.

Kwa wasiojua, huu ni mfululizo wa Wajapani ulioanza mwaka 1987. Aliyeuanzisha ni jamaa anaitwa Hironobu Sakaguchi, akiwa kampuni ya Square. Mpaka mwaka 2023 walikuwa wamefika namba 16, bila kuhesabu vijukuu na vitukuu vyake. Sasa kitu cha ajabu ni hiki: karibu kila namba ni dunia nyingine kabisa. Watu wengine, nchi nyingine, vita vingine. Ukimaliza la saba ukaingia la nane, hukutani na shujaa wako wa jana. Lakini pia hujisikii mgeni. Kwa nini? Kwa sababu kuna vitu havihami.

Kuna chocobo, ndege mkubwa wa manjano, mfikirie mbuni anayepandwa kama punda. Yupo tangu la pili, la mwaka 1988. Kuna mtu anaitwa Cid, naye tangu hilo la pili, na mara nyingi utamkuta anahusika na merikebu inayopaa angani au mitambo ya namna hiyo. Siyo Cid yule yule, sura inabadilika, umri unabadilika, lakini ukisikia jina Cid unajua hapa kuna fundi. Kuna fuwele za mwanga zilizobeba nguvu za dunia. Kuna mahali pa kusevu, na ukikuta pa kusevu halafu mbele kuna mlango mkubwa na kimya kimetanda, ujue ndani kuna jitu. Kuna dawa ya kurudisha nguvu. Kuna uchawi wa moto ambao ukikua jina lake linaongezwa mkia: Fire, halafu Fira, halafu Firaga. Na adui wa barafu anachomwa kwa moto, hilo halihitaji kuelezwa mara mbili. Ukishajifunza kwenye gemu moja, unaingia la pili na mtaji mkononi.

Sisi tuna kitu hicho hicho na hatujakiita gemu. Bibi akisema "Paukwa!" tunaitika "Pakawa!", na kabla hajafika popote tunajua sungura atamzidi fisi akili. Hadithi ni mpya, sungura ni wa jana. Mtoto wa miaka minne anaweza kuingia kwenye hadithi ambayo hajawahi kuisikia kwa sababu mlango wake anaujua. Nilijaribu kumweleza babu yangu pale Kabungu hadithi ya Final Fantasy X. Nikamwambia kuna wasichana na wavulana wanaokwenda kwenye mahekalu kuomba kwa roho za watu waliojitoa kufa, na roho zile zinawapa viumbe wakubwa wa kuwasaidia vitani. Nilidhani atacheka. Babu akasema tu, "Hao ni mizimu," akaendelea kumenya karanga. Kwake hakukuwa na cha kushangaza. Katika mkoa ambao wazee wanakueleza habari za Katabi, mwindaji ambaye roho yake inasemekana inakaa kwenye mkwaju kando ya ziwa Katavi na watu wakaupelekea sadaka, Wajapani hawakumletea babu jipya.

Haya, sasa tuje kwenye kilichonisuta.

Mle kwenye Final Fantasy X kuna kabila linaitwa Al Bhed. Wana lugha yao. Mwanzoni kabisa kijana Tidus anaokotwa na meli yao, wanamzunguka, wanaongea, na wewe mchezaji huelewi hata neno. Maandishi yako pale chini kwenye skrini lakini ni vurugu tupu. Unasoma na hupati kitu. Nakumbuka mimi nilidhani diski ya binamu imeharibika kwa sababu ya chai.

Kumbe haijaharibika. Dunia nzima ya gemu lile kumetawanywa vitabu 26. Kila kitabu kinakufundisha herufi moja. Moja tu. Ukiokota cha kwanza unajifunza kwamba Y yao ni A yetu, basi. Ukikutana na Mu-Al Bhed mwingine, ile herufi moja inatokea imefunuliwa, inang'aa kwa rangi yake katikati ya vurugu. Ukiokota vitabu vitano unaanza kubahatisha maneno mafupi. Ukifika 15, unamwelewa mwenye duka. Hakuna anayekucheka na hakuna anayekusimamisha. Ila pia vingi lazima uvitafute mwenyewe, vingine viko pembeni kabisa. Na kuna mahali ukipita bila kuokota kitabu chake, huwezi kurudi tena. Hilo nalo mlishike, nitalirudia.

Basi mimi, niliyecheza gemu lile mpaka nikamaliza, niliyeifurahia Al Bhed herufi kwa herufi, nimekwenda Kabungu nikiwa mwalimu, na wiki yangu ya kwanza nimefanya nini?

Nilipewa Biolojia kidato cha kwanza. Darasa limejaa. Somo lilikuwa la magonjwa ya kuambukiza na tulikuwa tumefika kwenye kipindupindu. Nikauliza kwa Kiingereza kinaeneaje. Kimya. Kile kimya walimu wenzangu mnakijua, watoto wote wanaangalia daftari kana kwamba jibu litaota pale. Nikarudia swali. Binti mmoja wa benchi la tatu akanyoosha mkono nusu, ule wa kunyoosha huku unajiandaa kuushusha. Nikamwita. Akasimama akaanza kueleza kwa Kiswahili. Alieleza vizuri, jamani. Kinyesi, mvua, maji ya kisima, mikono, chakula, inzi. Akasema na kuchemsha maji. Alijua kuliko kitabu nilichokuwa nimeshika, kwa sababu kwake siyo somo, ni maisha.

Mimi nikamkatiza. Nikamwambia aseme kwa Kiingereza. Akanyamaza. Nikamwambia asimame mpaka apate sentensi. Darasa likacheka kidogo, siyo sana, lakini lilitosha. Alisimama mpaka kengele ikalia. Hakuisema.

Wadau, siwatupii mzigo walimu wa pale wala shule yenyewe, hakuna aliyeniagiza kufanya vile. Nilifanya mwenyewe, kwa sababu ndivyo nilivyofanyiwa. Na yule binti hakunyoosha mkono tena. Wiki ya pili hakunyoosha, ya tatu hakunyoosha. Kila siku yupo, ameandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, ananakili ubao mpaka makosa yangu. Nikisahihisha daftari naona ameandika ukurasa mzima bila kuelewa mstari mmoja. Alikuwa ni mimi kwenye meli ya Al Bhed, tofauti ni kwamba kwake hakuna aliyeficha vitabu 26 mahali popote.

Maana tujiulize kweli. Mtoto wa shule ya serikali anasoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili. Hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili. Kiingereza ni somo moja kati ya masomo. Halafu anapumzika, Januari anaingia kidato cha kwanza na masomo karibu yote yamegeuka. Kuna wiki chache za kuwazoesha mwanzoni, nazo zinapita kama mvua ya Oktoba. Seli aliyoijua jana kama chembe hai leo ina jina lingine, na maelezo yake yana jina lingine, na swali lenyewe lina jina lingine. Kila kitu kimebadilika kwa mpigo mmoja. Hakuna chocobo, hakuna Cid. Hakuna hata kitu kimoja kilichobaki pale pale ili akishike aingie nacho.

Ndiyo hoja yangu leo na naisema wazi: mtu hajifunzi kipya kama hujamwachia cha zamani cha kushikilia. Waliotengeneza Final Fantasy wanajua hilo tangu 1987. Wanabadilisha dunia nzima lakini wanakuachia vitu vichache viwe vile vile, na lugha ngeni wanakupa herufi moja moja. Sisi tunafanya kinyume, halafu mtoto akinyamaza tunamwita mzito.

Najua mtakachosema, kwa sababu mwenzangu tuliyekuwa naye field alinikatalia usiku mzima. Yeye anasema Kiingereza ndicho mtihani, Kiingereza ndicho kazi, ukiwabembeleza kwa Kiswahili unawaharibia, watafika upimaji wa kidato cha pili watalia. Ana hoja. Mtihani hautamuuliza yule binti kwa Kiswahili. Na mimi mwenyewe Kiingereza changu nusu nimekitoa kwenye gemu hilo hilo, nilikuwa na daftari la maneno pembeni ya runinga, na kwa mwezi mzima nilidhani Auron ndiye baba yake Tidus. Teh teh! Kwa hiyo sisemi tuache Kiingereza.

Ila hebu angalieni tena Al Bhed. Gemu halikusema "lugha ni ngumu basi tuitoe". Imebaki pale mpaka mwisho na ukitaka kuielewa yote lazima utafute vitabu vyote 26. Ugumu haukupunguzwa hata kidogo. Kilichofanyika ni kwamba ngazi ina vipandio. Anayedai vipandio hadai kubembelezwa. Anataka kupanda.

Mwenzangu pia akasema gemu lina muda usioisha, unasevu unalala unarudi kesho, lakini mwalimu ana dakika 40 na mtaala wa kumaliza. Hapo nilikosa jibu zuri, na mpaka leo sina. Ni kweli. Gemu linakusubiri. Kengele haisubiri. Na yale mahali ambapo ukipita bila kuokota hurudi tena, darasani ndiyo yamejaa. Mtoto aliyekosa maneno ya kidato cha kwanza hapati mtu wa kumrudisha, anasukumwa mbele na pengo lake. Sasa kama ni hivyo, si ndiyo sababu zaidi ya kuhakikisha anaokota alipo?

Nilichofanya ni kidogo, msije mkadhani nimegundua jipya. Wiki ya nne nikachora mstari upande wa kulia wa ubao. Kila kipindi, maneno sita tu, Kiingereza huku na Kiswahili huku. Na maneno hayo hayafutwi wiki nzima, hata mwalimu wa kipindi kingine akiingia namwomba aniachie kile kipande. Nikawaambia: hayo sita ndiyo yenu, mengine yote nitabeba mimi. Ukijibu, jibu kwa Kiswahili lakini yale sita uyaseme kwa Kiingereza. Kesho yake mengine sita, ya jana yanabaki. Ile ya herufi inayong'aa katikati ya vurugu, ndiyo nilikuwa naitafuta.

Wiki ya kwanza ya mtindo huo darasa lilikuwa na kelele kuliko lilivyokuwa mwezi mzima. Sentensi za ajabu ajabu, nusu huku nusu kule, hata mkaguzi wetu alipokuja kunitazama aliandika kwamba nichunge lugha. Sikubishana. Maksi zangu hazikuwa mbaya wala nzuri.

Yule binti hakunyoosha mkono. Nataka niwe mkweli kwenu, ingekuwa sinema angenyoosha. Lakini siku yangu ya mwisho, naaga darasa, nikakuta kwenye meza ya mwalimu kikaratasi kimekunjwa. Swali. Anauliza kama mtu aliyepona kipindupindu anaweza kumwambukiza mwingine kwa muda bado. Ameandika kwa Kiswahili, na ndani yake maneno manne ya Kiingereza, yote ya kwenye kile kipande cha ubao, yote yako sahihi. Ni swali zuri. Jibu ni ndiyo, vimelea vinaweza kuendelea kutoka kwenye choo chake kwa siku kadhaa hata akiwa anajisikia mzima. Nilimwandikia nyuma ya karatasi, kwa lugha zote mbili, na nikamwandikia pia kwamba siku ile jibu lake lilikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea. Nikampa monita ampelekee kwa sababu kengele ilikuwa imelia na bodaboda wangu ananisubiri nje. Sijui alilipokeaje.

Sasa nimalizie na kitu kimoja cha gemu lenyewe, na ambao hamjacheza mnaweza kuruka aya hii maana nafichua mwisho. Ndani ya Final Fantasy X kuna jitu linaitwa Sin linalobomoa miji. Kila baada ya muda anatokea mwitaji wa roho, anasafiri hekalu kwa hekalu, anafika mwisho, anajitoa uhai, Sin linatoweka. Watu wanashangilia. Halafu baada ya miaka michache linarudi, na anatafutwa mwingine wa kufa. Imekuwa hivyo miaka elfu moja. Kila mtu analia na kila mtu anasema ndivyo inavyofanyika. Mpaka binti mmoja, Yuna, anafika mwisho wa safari na kuuliza swali ambalo walimu wake wote wa dini hawakutaka liulizwe, kisha anakataa kulipa bei ile. Nilipocheza nikiwa na miaka 14 niliona ni ushujaa wa upanga tu. Juzi kwenye treni ya Mpanda kwenda Tabora, usiku, nimeegemea dirisha, ndipo nikaelewa. Kuna mazoea ya kushikilia, kama Paukwa na Pakawa na yule chocobo wa manjano, kwa sababu yanamfungulia mtu mlango. Na kuna mazoea ya kukataa, kwa sababu kila mwaka yanamla mtu na sisi tunaita utaratibu. Kumsimamisha mtoto anayejua jibu mpaka kengele ilie ni ya aina ya pili. Nilifanyiwa, nikafanya. Naomba liishie kwangu.

Mwakani wengi wetu tunamaliza, na tukibahatika ajira tutatawanyika huko wilayani. Wewe unayesoma hapa na ni mwalimu mtarajiwa, siku utakapouliza swali na mkono mmoja ukanyooshwa nusu, acha mtoto amalize kwanza. Kisha mpe herufi moja.

Nyie mnaonaje? Hasa nyie wa Hesabu na Fizikia, maneno yenu sita ya kila kipindi yatakuwa yapi? Tukikutana kantini mniambie, ila chai mnalipa nyie, mwenzenu nimetoka field na mfuko unapiga mluzi.

Nawasilisha.